Machozi ya Ragnhild Sjödin

Kanisani hakuna aliyelitazama jeneza. Walimtazama dada yangu Ragnhild, wakingoja alie.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1957, Nordingrå, kijijini kwetu kaskazini mwa Uswidi. Ragnhild alikuwa ameondoka ana miaka kumi na saba kwenda Stockholm kusomea uigizaji. Aliporudi kumzika mama, uso wake ulikuwa umebandikwa ukutani katika kila mji wenye jumba la sinema. Nchi nzima ilishamwona akilia. Siku ile alikaa benchi la mbele, macho makavu kama kokoto, akaimba tenzi zote bila sauti kutetemeka.

Kwenye kahawa ya msiba, nyumbani baada ya maziko, shangazi Tekla hakujisumbua kunong'ona. "Kwenye sinema analia mpaka watu wanalowa. Kwa mama yake mzazi, hata kamasi."

Watu wakacheka chinichini. Mimi niliyemuuguza mama miaka miwili peke yangu, maneno yale yalinichoma. Nilimkuta Ragnhild jikoni, anafuta vikombe.

"Mpaka uwashiwe taa ndipo ulie?" nikamwuliza.

Aliendelea kufuta kikombe kilichokwisha kukauka. "Ningelia, Ingegerd, wangesema naigiza."

"Na mimi je? Mimi nami ningesema hivyo?"

Akachukua kikombe kingine. Alasiri akapanda basi. Barua zake zilikuja kila Krismasi. Nilizitia sandukuni bila kuzifungua. Kiburi ni mgeni mbaya: ukimkaribisha, hugeuka mwenye nyumba.

Ikapita miaka kumi na tisa. Siku moja, tukichuma beri msituni, Hulda, mjane wa mtunza kanisa, akataja jambo alilodhani nalijua. Kumbe dada alifika siku moja kabla ya maziko, akamwomba mume wa Hulda ufunguo wa chumba cha kanisa alimolazwa mama. Akakaa naye tangu asubuhi hadi adhuhuri.

"Alikuwa ameuma glovu yake asisikike nje," Hulda akasema. "Nilipoingia kumtoa, ilikuwa imetoboka."

Kesho yake nikapanda treni kwenda Stockholm, kwenye anwani iliyoandikwa nyuma ya barua zake.

Aliyenifungulia alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi. Alikwisha kuacha kuigiza, na simu hapokei. Nikasema pale pale mlangoni, nisije nikashindwa, "Hulda ameniambia habari za ufunguo."

"Hulda naye," akasema. "Vua viatu, uingie."

Nilikaa siku nne. Hatukuzungumza mengi, kila mmoja alikuwa na ukimya wake aliouzoea. Asubuhi ya mwisho nilimkuta mezani ameanza kula, mbele yake sahani moja, kikombe kimoja, na kiti cha pili kimerundikwa magazeti. Mikono ilikuwa imefuata mazoea. Aliponiona, uso ukamwiva kwa aibu, akainuka haraka kuyaondoa.

"Kula tu, dada," nikamwambia. "Mimi bado sina njaa."

Nikasimama dirishani, nimempa mgongo, mpaka nikamsikia anatoa sahani ya pili kabatini.