Kigoda cha Mzee Kalinga

Duka la bei rahisi lilipofunguliwa Mwanjelwa, mwaka wa hamsini na sita, mimi Tusekile nilijua kibanda changu kimekwisha. Chumvi, sukari, sabuni, vyote bei chini. Humo hamna rafu wala karatasi ya kufungia: unachotewa kwenye gunia, unalipa, unatoka. Hata kiti hamna. Mwenyewe, tuliambiwa, ana maduka kumi na moja kutoka Iringa mpaka kwetu Mbeya, na hakuna aliyewahi kuiona sura yake.

Wateja wakanihama, akabaki mzee mmoja wa Kihehe, koti limetoboka viwiko. Kila Jumamosi anakalia kigoda changu, ananunua chumvi ya senti kumi, anabishana bei nusu saa, kisha anadai nyongeza. Bahili wa kutupwa! Lakini alinisikiliza. Nilimtukana yule tajiri mpaka mate yakanikauka, naye anaitikia: "Kweli, Mama Asukile. Mtu yule ana roho ngumu."

Jumamosi moja nikamwambia, "Baba, leo ndiyo mwisho. Nafunga, narudi Rungwe kulima." Machozi yalinilenga. Ada ya shule ya Asukile wangu ilitoka kwenye kibanda kile.

Kabla hajajibu akapita Yotamu, muuzaji wa lile duka. Alipomwona akavua kofia haraka. "Shikamoo, Mzee Kalinga. Lori lako la Iringa limefika."

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha hasira zikanipanda. "Kumbe ni wewe! Una maghala ya chumvi, unakuja kubishana na mimi kwa senti kumi?"

"Na hii pia ni yangu," akasema, akiinua kifurushi cha chumvi niliyomuuzia. "Unainunua kwa Yotamu kila Ijumaa, unaniuzia Jumamosi."

Ilikuwa kweli. Nikaona aibu.

"Sasa unainunua ya nini?"

Akatazama chini. "Kwangu hakuna pa kukaa, mama. Wala wa kuongea naye. Usifunge."

Bei ya dukani kwake hakukubali kuipandisha hata senti moja, mkaidi yule. Basi Jumatatu nikaachana na chumvi, nikateleka chai, nikaazima vigoda vinne. Wateja wake wakitoka na mizigo, miguu imechoka, wanakuja kukaa kwangu. Ada ya Asukile ikapatikana.

Mzee Kalinga bado huja Jumamosi, na nyongeza bado anadai. Nammiminia nusu kikombe, ila kwanza namtukana kidogo yule tajiri, naye anaitikia.