Salamu za Feisal

Mbuchi nzima hakuna mwanamke aliyewahi kuzungumza na serikali mbili ila Bi Chiku, na hilo alilisema mwenyewe popote palipokuwa na masikio zaidi ya mawili. Halafu, kwa kuwa alikuwa mkweli sana katika mambo madogo, huongeza kwamba ya kwanza ilimwambia akae kwenye benchi, na ya pili haikupokea simu.

Ya kwanza ni yetu. Ya pili ni ya nchi ile aliyokwenda mwanawe Feisal kuendesha malori, kabla wenyewe kwa wenyewe hawajaanza kuuana. Vita ilipokolea, waasi wao wakaja Dar es Salaam kukutana na wapatanishi. Wenye nchi wakanuna: mmewakaribisha adui zetu, mmewapa na chai. Sisi tukasema mgeni hanyimwi chai. Wakamfukuza balozi wetu, nasi tukamfukuza wao, milango ikatiwa makufuli huku na huku.

"Kama wake wenza," Bi Chiku alimweleza mkwewe, Sabra. "Wamenuniana, hawapeani hata kibiriti. Na mtoto aliyelala nyumba ya pili hana wa kumrudisha."

Sabra alicheka, maana wakati huo mumewe alikuwa bado anapiga simu kila Ijumaa. Kisha simu zikakoma. Ukapita mwaka. Haruna, mkulima wa mpunga wa Salale aliyefiwa na mkewe, akamtuma mshenga, na Sabra akamrudisha mshenga na jibu moja: mimi ni mke wa mtu. Lakini jioni ile alimwambia Bi Chiku, "Mama, mimi sina haja na Haruna. Nataka kujua tu. Kama yu hai, nitamngoja hata miaka kumi. Kama hayupo, nikae eda yangu, nimlilie mume wangu kama wanawake wenzangu."

Bi Chiku akasema inshallah.

Siku alipoitwa Kibiti, alipanda boti mpaka Nyamisati, akamalizia na bodaboda, na vumbi lote la njia hiyo akafika nalo ofisi ya wilaya. Karani, kijana mmoja aitwaye Nassibu, alimwamkia vizuri, akatoa barua.

"Hii imezunguka, bibi. Wao hawatuandikii sisi siku hizi. Wamemwandikia jirani, jirani katuandikia sisi."

"Hata umbea wa Mbuchi hauzunguki hivyo," Bi Chiku alisema.

Nassibu hakucheka. Akamsomea polepole: lori la Feisal lilipigwa kwenye kizuizi cha barabarani, tarehe tatu ya mwezi uliopita, na dereva akazikwa papo hapo.

"Sasa mtanirudishia mwili lini?"

"Tungekuwa na ubalozi kule, tungeuomba, bibi. Sasa hatuna wa kumwomba."

Bi Chiku aliifunga barua kwenye pindo la kanga, akaomba maji ya kunywa. Ndani ya boti aliyapanga maneno: Sabra, mwanangu, kaa chini. Aliyarudia mpaka yakakaa mdomoni. Lakini gatini alimkuta Sabra kasimama kwenye tope hadi magotini, mkono kaunyosha kupokea mkoba, anauliza, "Wamesemaje, mama?" Na Bi Chiku, aliyezaa mtoto mmoja tu, akaiona nyumba yake yenye mtu mmoja ndani, na mtu huyo ni yeye.

"Yu hai," akasema. "Mipaka tu ndiyo imefungwa."

Uongo ukishauzaa, unataka kunyonyeshwa. Akaanza kumletea Sabra salamu. "Ulipokuwa shambani alipiga. Simu ya kuazima, haikudumu. Anauliza kama paa la jikoni bado linavuja." Sabra akasikitika kukosa simu, akapanda juu mwenyewe kuziba paa, ili mumewe akipiga tena apate jibu. Kisha redio ikatangaza kwamba mawaziri wa nchi mbili wameonana wakapeana mikono, na uongo wa Bi Chiku ukavuka mpaka.

"Jipake hina, mwanangu. Wakubwa wakishikana mikono, Idi haipiti kabla hajafika."

Sabra akapaka viganja na nyayo, kwa mara ya kwanza tangu simu zikome.

Kilichomshinda Bi Chiku ni arubaini. Yeye kudanganya aliweza. Kumwacha mwanawe bila hata Fatiha hakuweza. Akabeba mchele na sukari kwenye sinia, akaaga kwamba anakwenda kumtazama shangazi mgonjwa, shangazi aliyekufa zamani na hivyo asingeweza kukanusha. Akaenda hadi Kiongoroni, mbali kuliko umbea, akaomba asomewe khitma.

"Jina la marehemu?" aliuliza Maalimu Twalha, kalamu mkononi.

Marehemu huombewa kwa jina la mama yake. "Feisal bin Chiku."

"Wa wapi?"

"Mbuchi. Dereva." Mambo madogo yale, akayasema kweli.

Akalia pale akatosheka. Maji yalipoanza kupwa akakimbilia boti na macho makavu, sinia akalisahau.

Baada ya wiki moja, asubuhi, Sabra akipepeta mchele uani, Maalimu Twalha akabisha hodi. Alikuja Mbuchi kufungisha ndoa, akaona alirudishe sinia la watu.

"Na nikupe pole, mwanangu," akamwambia Sabra. "Wewe ndiye mke wake?"

"Pole ya nini, maalimu?"

Maalimu alitaka kujibu, akaiona mikono yake. Akageuza uso. "Na hina, binti? Eda haijafika hata nusu."

Bi Chiku alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Maalimu, huyo ni Feisal mwingine. Wa kwa shangazi."

Maalimu Twalha alikuwa msomaji mzuri wa kila kitu isipokuwa nyuso. Akatoa karatasi mfukoni mwa kanzu. "Feisal bin Chiku, wa Mbuchi, dereva. Ni huyu huyu, mama. Ulilia mpaka tukakuletea maji."

Sabra aliuweka ungo chini. Akavitazama viganja vyake vyekundu, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mama," akasema, taratibu kabisa. "Ile siku alipopiga simu, aliulizia nini vile?"

Bi Chiku akaitafuta ile salamu.

"Mpunga," akasema. "Aliulizia mpunga."

"Ulisema paa, mama."