Uso Kwenye Karatasi ya Joto

Baridi ya mwaka ule ilikuja na ukungu. Ulitoka baharini asubuhi, ukatembea polepole juu ya reli za tramu, ukapanda mpaka mtaani kwetu Attarini, na kila mteja aliyesukuma mlango wa studio aliingia na kipande chake begani. Ndivyo alivyoingia Rawhiya. Nilimwona kwanza kama kivuli kwenye kioo, halafu kama koti la kijivu lililolowa, halafu ndipo nikaona kwamba ndani ya koti kuna msichana, na kwapani ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti.

Studio ilikuwa ya watu wawili tu. Mume wangu, Levon, alikuwa wa mbele, kwenye kamera na mapazia. Mimi, Shogher, nilikuwa wa nyuma, kwenye chumba cha giza. Yeye anapiga, mimi nachapa. Sifa zote zilimwendea yeye, na wala hakuwahi kuzirudisha.

"Karibu, bibie," Levon alimwambia. "Picha ya pasi au ya uchumba?"

"Si ya pasi, si ya uchumba, Ustadhi." Akafungua lile gazeti. Ndani mlikuwa na gauni la njano ya limau, limekunjwa vizuri, lina harufu ya sabuni na ya sanduku. "La dada yangu. Inshirah. Homa ya matumbo ilimchukua kiangazi kilichopita."

Tukampa pole. Nikamvutia kiti karibu na jiko la mafuta.

Alituambia yaliyompata bila kulia, kwa sauti tulivu ya mtu aliyezoea kuongea na asiowaona, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Baba yao, marehemu naye, hakupenda picha za wanawake ukutani, kwa hiyo Inshirah alikufa bila kupigwa hata moja. Sasa mama yao alikuwa ameanza kuomba. Kila jioni Rawhiya akirudi kazini, mama anamwambia: nataka picha ya mwanangu, nisije nikausahau uso wake.

"Tulifanana," Rawhiya alisema. "Watu walikuwa wanatuchanganya sokoni. Nataka nivae gauni lake, mnipige, na picha niipeleke kwa mama kama ni yeye. Nitamwambia nimeikuta kwa rafiki yake."

Levon alitazama gauni kama vile limemtukana. "Bibie, mimi ni mpiga picha. Uongo wa namna hiyo tafuta mahali pengine."

"Levon," nikamwambia, "yule mwenye duka la saa ana chunjua puani au hana?"

"Anayo."

"Na kwenye picha yake?"

"Chunjua si mtu, mke wangu."

"Na bwana harusi wa juzi uliyempandisha juu ya kreti la soda ili amfikie bibi harusi begani?"

Rawhiya alicheka kwa ghafla, akajiziba mdomo kama mtu aliyecheka msibani. Levon akakuna kidevu. Hakuwa mtu mgumu; alipenda tu kuombwa mara mbili. Akaenda kuvuta pazia la dirisha kubwa, na mwanga wa ukungu ukaingia, mweupe, laini, usio na upande.

Msichana alitoka nyuma ya kiambaza amevaa gauni. Lilimbana kidogo kifuani. Levon akamwambia akae, ainue shingo. Lakini yeye aliinamisha kichwa upande mmoja, akaangalia juu kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka ghorofani.

"Ndivyo alivyokuwa akikaa?" nikamuuliza.

"Alikuwa haketi, Madamu. Hivi ndivyo alivyokuwa akinisikiliza."

Levon akapiga. Habari ya shingo hakuitaja tena.

Kesho yake Rawhiya alirudi kabla ya zamu yake, nikamkaribisha chumba cha giza. Sikuwa na desturi hiyo. Wateja huzungumza sana na kufungua milango. Lakini picha hii nisingeweza kuichapa peke yangu. Uso aliotaka ulikuwa kichwani mwake, na mimi nilikuwa na karatasi tu.

Karatasi nilikuwa nazo za aina nyingi, na nilizipenda kuliko nilivyopaswa. Watu hudhani picha isiyo na rangi ni nyeusi na nyeupe basi. Si kweli. Kuna weusi wa makaa na kuna weusi wa kahawa iliyokolea. Kuna weupe wa shuka na kuna weupe wa malai, ule utando mzito juu ya maziwa. Mimi niliziita karatasi za baridi na karatasi za joto, na juu ya rafu nilikuwa na nyingine zilizotiwa rangi tangu kiwandani: za waridi, za samawati, na maboksi machache ya rangi ya malai, yenye uso usiong'aa, laini kama ganda la yai. Zilikuwa zikija kwa meli kutoka Ulaya, na siku hizo zilianza kuadimika. Nilizitunza kama watu wanavyotunza zafarani.

Nikafunga mlango, nikawasha taa nyekundu. Humo ndani ni kama kukaa ndani ya kope zilizofumbwa ukilitazama jua. Maji yanadondoka, trei zinanuka siki, na mtu hajui tena kama nje ni asubuhi.

"Chini ya taa hii karatasi zote ni sawa," nilimwambia. "Rangi hutaiona mpaka niwashe taa nyeupe. Kwa hiyo usiifurahie mapema."

Nilianza na karatasi ya baridi, ile tuliyotumia kila siku. Nikaimulika kwa mashine ya kukuzia, nikaitumbukiza kwenye dawa. Mwanzo hakuna kitu. Halafu kivuli cha nywele, halafu tundu za pua, halafu macho, yakipanda kutoka chini kama mtu anayeamka. Nilipoihamishia kwenye dawa ya kuigandisha na kuwasha taa nyeupe, Rawhiya aliinama akatazama.

"Huyu ni mimi," alisema. Alisema kwa huzuni, kama mtu aliyefungua mlango akitegemea mgeni akakuta kioo.

Na kweli alikuwa yeye. Weusi ulikuwa safi, weupe mkali, kila mfupa mahali pake. Ungeweza kuona uchovu chini ya macho, na alama ya kile chuma cha kusikilizia kilichombana kichwani kila siku.

Nikajaribu ya waridi. Alipoiona alitabasamu. "Kama kifuniko cha boksi la peremende."

"Mama yako angekula?"

"Angempa jirani."

Ya samawati niliinyanyua kwenye mwanga. Ilikuwa nzuri sana. Gauni lilikuwa kama maji, na uso ulielea juu yake kama unavyoona uso wa mtu aliyelala chumba chenye mbalamwezi.

"Hii hapana," akasema. "Hivi ndivyo alivyokuwa siku ya mwisho. Hii iondoe, Madamu, tafadhali."

Nikaigeuza kifudifudi.

Kisha nikafungua boksi la malai. Karatasi ile haitaki haraka. Niliiongezea mwanga, nikaipunguzia dawa ukali kwa maji ya uvuguvugu ili weusi wake uende upande wa kahawia, na tukangoja tukiitikisa trei taratibu. Picha ilichelewa kuja. Ilikuja kama harufu inavyokuja, kwanza unahisi tu kwamba kuna kitu. Nilimsikia Rawhiya akipumua karibu na bega langu. Nje tramu ilipita na vioo vikalia, lakini ilikuwa mbali, kama inapita katika mji mwingine.

Niliwasha taa nyeupe.

Sijui nieleze vipi. Filamu ilikuwa ile ile, shingo ile ile, gauni lile lile. Lakini malai ilikuwa imeingia mashavuni na mifupa ikarudi nyuma. Uchovu chini ya macho uligeuka kivuli cha kope ndefu. Vivuli vyote vilikuwa na joto, kama mtu aliyeketi jikoni karibu na moto, na midomo ilionekana kama imemaliza kucheka sasa hivi, au iko karibu kuanza.

"Inshirah," Rawhiya alisema.

Hakupiga kelele. Alimwita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Akachovya vidole ndani ya maji, akagusa ukingo wa karatasi, akaanza kumsimulia. Alimwambia kuwa paka wa ngazini amezaa, kuwa yule mwanamume wa duka la vitambaa ameoa mwingine, hasara yake. Alimwambia kuwa zile soksi alizomnyima akiwa hai alizitoa sadaka siku ya arobaini na akajuta. Mimi nilisimama na taulo mkononi. Mtu mwingine angesema msichana amechanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimekaa gizani miaka mingi, nikitazama nyuso zikitoka mahali pasipo na kitu, na halikunishangaza. Niliiacha picha kwenye maji muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Ilipokauka ilikuwa imekolea kidogo zaidi, kama nilivyotarajia, na nzuri zaidi. Niliitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na zile za majaribio, kwa sababu sikupenda kubaki na uso wa mtu bila ruhusa yake. Ya samawati peke yake niliichana.

Ijumaa Rawhiya aliniomba nifuatane naye nyumbani kwao, Muharram Bey. "Nikiwa peke yangu nitatetemeka," alisema. "Wewe ukiwepo nitaona haya kutetemeka."

Mama yake, Sitti Wagida, alikuwa mwanamke mnene mwenye macho madogo makali, amejifunga kitambaa cheusi, anachambua dengu kwenye sinia. Alinikaribisha, akaagiza nikae kwenye kiti kizuri na si kile nilichokuwa nimekalia, akanimiminia sahlabu, kinywaji cha maziwa cha moto, kizito, chenye mdalasini juu. Rawhiya alitoa ile picha ya malai kwenye bahasha, akampa. Uongo wake alikuwa ameukariri njia nzima ndani ya tramu.

"Mama, nimeipata kwa rafiki yake Inshirah. Alipigwa zamani, kwa siri."

Sitti Wagida alijifuta mikono. Aliishika picha mbali, kisha karibu. Aliitazama, kidole kikipita juu ya gauni.

"Gauni hili umelitoa lini sandukuni?" akauliza.

Rawhiya aliinamisha macho kwenye zulia.

"Na limekubana hapa. Umenenepa, alhamdulillahi, nilidhani unakonda."

"Mama, huyo ni Inshirah."

"Rawhiya, niliwazaa mimi. Majirani ndio waliowachanganya." Sauti yake haikuwa na hasira. "Inafanana naye, sikatai. Imetengenezwa kwa mapenzi, mikono yako isichoke, Madamu. Lakini nani alikwambia nataka picha ya Inshirah?"

"Wewe! Kila jioni! Picha ya mwanangu, nisije nikausahau uso wake!"

"Mwanangu, ndiyo. Inshirah nilimwosha kwa mikono hii. Uso wake ninao, nikifumba macho uko hapa. Wewe unatoka alfajiri, unarudi taa zimewashwa, unakula umenipa mgongo, unalala. Toka tumzike hujaniangalia usoni, Rawhiya. Ni wewe ninayekusahau."

Rawhiya alikaa chini, pale pale kwenye zulia. Bahasha ilimtoka mkononi na picha zikamwagika. Akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake na kulia, kilio cha mtu aliyekawia sana. Sitti Wagida alimpapasa nywele kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa akiziokota picha moja moja.

"Hii ya waridi nini, tangazo la peremende za lokumu?" akasema. Kisha akaiona ile ya karatasi ya baridi. Aliiinua, akaielekeza dirishani. "Ahaa. Huyu hapa. Macho yamechoka, shingo ngumu, kanuna kidogo. Huyu ndiye wangu. Hii nitaitundika."

"Nimetoka vibaya, mama," Rawhiya alisema kutoka gotini.

"Umetoka ulivyo. Utazoea."

Ile ya malai alimrudishia. "Hii kaa nayo wewe. Naona wewe ndiye uliyekuwa unamtafuta."

Rawhiya aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani, upande wa picha ndani.

Nilitaka kuaga, lakini Sitti Wagida hakusikia habari hiyo. Nilikula supu ya dengu, nikala kachumbari ya tanipu, nikaulizwa kwa nini sina watoto na nikapewa jina la tabibu. Rawhiya alikula akiwa ameketi mkabala na mama yake, macho yamevimba, na kila alipotaka kuinamia sahani mama aligonga meza kwa kijiko.

"Huku. Niangalie huku."

"Mama, nitamwaga supu."

"Mwaga."

Nilipotoka ukungu ulikuwa umeshuka tena na taa za barabarani zilikuwa na duara za joto kuizunguka kila moja. Nilikosea kituo cha tramu nikatembea mpaka Attarini kwa miguu, bila haraka. Levon alikuwa akifagia.

"Basi, mama kaamini?" aliniuliza.

"Hakuamini hata kidogo."

Aliweka ufagio chini, na uso wake ukaanza kuandaa lawama. Nikamwambia aache, achemshe chai, anisikilize mpaka mwisho.