Jina la Shivoni

Bruda Fintani alipewa siku tatu za kufungasha. Askari wawili walipanda kutoka Morogoro na barua ya boma, wakaisoma mbele ya kanisa: vita vimeanza huko kwa Wazungu, na kila Mwingereza ashuke mara moja, apelekwe Tabora akafungwe. Bruda akawaambia kwamba yeye si Mwingereza, ni mtu wa Ayalandi, na kwamba Wadachi, hawa Wajerumani, hawawezi kumchukia Mwingereza kuliko anavyochukiwa huko kwao. Askari mmoja, mtu wa makamo, akamjibu kwa upole kwamba maneno hayo akayaeleze bomani. Nilicheka. Ni mara hiyo moja tu niliyocheka mwaka ule, ndiyo maana nakumbuka.

Mimi ni Benedikto, seremala. Kazi yangu nilifundishwa na huyo Bruda, pale misheni yetu ya mlimani, kwa miaka tisa: msumeno, randa, patasi, mpaka nikaweza kutengeneza mlango usioingiza hata upepo wa Uluguru. Nasema haya ili ijulikane kwamba nilimpenda, maana nina mengine ya kusema.

Siku ile ile ya barua aliniita karakana. Chini ya meza ya kazi alilala mbwa jike wa miezi mitatu, mwekundu mwenye kifua cheupe, aliyeletwa na msasi mmoja wa Kisaki kama shukrani. Hakuwa na jina. Tulimwita "wewe" na yeye aliitika hivyo hivyo.

"Benedikto, huyu nakuachia wewe," Bruda alisema. "Lakini umpe jina la kwetu. Nikiwa sipo, nataka pawe na mtu mlimani hapa anayeita jina la kwetu."

Akachukua kipande cha ubao, akaandika kwa penseli yake nene: Finola. Roshini. Gobneti. Akayasoma polepole, mara mbili mbili, kwa sauti aliyoitumia wakati wa kusali. "Chagua," akasema.

Nikautazama ubao. Kulikuwa na jina moja la kwao ambalo hakuliandika, na sote wawili tulilijua.

Binti yangu aliitwa Shivoni. Alipozaliwa, padri mkubwa alimwandika Yoana katika kitabu cha ubatizo. Bruda akaniambia nje ya kanisa kwamba kwao Yoana huitwa Shivoni, na kwamba mama yake mwenyewe aliitwa hivyo. Nikalitaka papo hapo. Nilikuwa nimeanza tu kuishika patasi vizuri, nikataka watu waone kwamba mtoto wa seremala wa misheni hafanani na watoto wao. Yalikuwa majivuno, sina jina lingine la kuyaita.

Siku ya tatu akaja Fransisko, kaka wa mke wangu Kristina, kumwona mtoto. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Akampakata, akauliza anaitwa nani, nikamwambia.

"Katika wafu wetu, nani aliitwa hivyo?"

"Hakuna."

"Basi huyu akitutangulia, Mungu apishie mbali, jina lake tutampa nani?"

Nikamwambia kwamba mtoto wa siku tatu hazungumziwi kifo, na kama ana kiu ya pombe aseme tu, asizunguke. Ndivyo nilivyomjibu mjomba wa mwanangu, ndani ya nyumba yangu, mbele ya mke wangu ambaye bado alikuwa amelala mkekani. Fransisko alimrudisha mtoto taratibu kwa mama yake, akavaa kofia yake, akaenda.

Jina likazoeleka. Kristina akawa Mama Shivoni, mimi nikawa Baba Shivoni, hata wazee waliokuwa wakililalamikia walilisema bila kujikwaa. Mtoto mwenyewe alikuwa mtundu na mwenye amri nyingi. Alikuwa akija karakana kuokota yale maranda yaliyojisokota, anayatundika masikioni kama herini, kisha anamwambia Bruda ampigie magoti kwa sababu yeye ni malkia. Na Bruda alipiga magoti, suruali yote vumbi.

Masika ya mwaka ule wa vita, kabla ya ile barua, surua ilipita mlimani. Shivoni aliugua Jumatatu, akafa Alhamisi. Alikuwa na miaka mitano.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo huzuni yangu itaonekana ni ile ya kila mtu. Kwetu mtu akifa, matanga hayaishi mpaka jina lake lirithiwe. Siku hiyo hupikwa pombe, ukoo hukaa, na mjomba humshika mkono mtu mmoja, akampa jina la marehemu. Ikiwa marehemu ni mtoto, hutafutwa mtoto mwenzake wa ukoo huo. Kisha mama mfiwa humwita kwa lile jina, humlisha kwa mkono wake, na tangu siku hiyo yule ni mwanawe pia. Hapo marehemu huwa amefika. Kabla ya hapo yuko nje, anazunguka, hana mlango.

Siku yetu ilipofika, wanawake wa ukoo walikuja wote. Watoto wa kike hakuja hata mmoja. Mmoja alikuwa na kikohozi, mwingine kapelekwa kwa bibi yake, mwingine analinda ndege shambani, na ndege wenyewe msimu ule hawakuwepo. Nilikaa nikiwatazama wale mama wakikwepa macho yangu, nikaelewa kabla ya Fransisko kusimama.

"Shemeji," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya kulipiza kisasi, ingekuwa afadhali. "Hatuna ubaya na mtoto, ni damu yetu. Lakini jina hili halijulikani na wafu wetu walio chini. Nikimpa mpwa wangu mwingine, nimempitisha njia ambayo sijui inakokwenda. Mlilichukua kwa Mzungu. Mrudishieni Mzungu."

Pombe ikanywewa, watu wakatawanyika. Kristina hakulia. Alifunga kaniki yake, akachukua jembe lake na chungu kimoja, akasimama mlangoni.

"Ulimpa mwanangu jina lisilo na wa kulipokea," alisema. "Sasa yuko nje na njaa yake."

Akamfuata kaka yake, kule juu kwenye mashamba ya maharage. Hakurudi. Watu wakaanza kumwita Kristina, na mimi Benedikto, kwa huruma, ili wasitukumbushe. Huruma hiyo ilitumaliza. Padri mkubwa aliniambia mtoto yuko mbinguni, na siku za Jumapili nilimwamini kabisa. Siku nyingine sita nilijikuta nikibakiza tonge pembeni ya sahani.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa achague jina la mbwa.

Siku ya tatu baada ya ile barua tulishuka. Mimi nilibeba kasha la Bruda kichwani, mbwa nimemfunga kamba mkononi, askari nyuma yetu. Bruda alikuwa akisimama kila kona kuitazama milima, na askari walimwacha asimame. Tulipofika Morogoro, stesheni ilikuwa imejaa watu na mizigo, na treni ya kwenda Tabora ilikwisha kufika.

"Umechagua?" Bruda aliniuliza.

"Finola," nikasema. Lilikuwa la kwanza ubaoni, basi.

"Ni zuri." Akainama kumkuna mbwa masikio. "Mimi nilidhani utamwita Shivoni."

Nilihisi kama nimepigwa nyundo kidoleni. Yeye akaendelea, hakuona kitu. "Baba yangu alimpa mbwa wake jina la bibi yangu, na bibi alifurahi sana. Mbwa huitwa kutwa nzima, Benedikto. Jina halipati nafasi ya kusahaulika."

Nililitupa kasha chini. Kufuli likakatika, mashati na rozari zikamwagika kwenye changarawe.

"Mwanangu si mbwa!" nilipiga kelele, stesheni nzima ikageuka. "Umetupa jina lisilo na mtu, mwanangu yuko nje kwa sababu yako, na sasa unataka umfunge kamba shingoni?"

Hakustahili kulaumiwa, nilijua. Jina nililiomba mimi. Alipiga magoti kukusanya vitu vyake, nami nikasimama nikamtazama akikusanya, sikumwokotea hata shati moja. Alipomaliza akasema, "Nisamehe," akanyoosha mkono. Mikono yangu nikaiweka nyuma. Askari akamgusa bega, naye Bruda akapanda treni.

Miezi minane baadaye padri alitangaza kanisani kwamba Bruda Fintani amefariki huko Tabora kwa homa. Nimetengeneza majeneza mengi tangu wakati huo, na sijawahi kupigilia msumari bila kuuona ule mkono umenyooshwa.

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile nilipanda mlima na mbwa nyuma yangu. Njiani nikajaribu kumwita Finola. Hakunitazama. Nikajaribu Roshini, nikajaribu na lile lingine, akaendelea kunusa majani. Nikakaa juu ya jiwe kupumzika, na hapo ndipo lilipoanza kunikaa rohoni: Bruda ameondoka. Kristina halitamki. Ukoo umelikataa. Kitabuni ameandikwa Yoana. Milima yote hii, kutoka hapa mpaka upande wa pili, kinywa kilichobaki na jina la mwanangu ni hiki changu kimoja, nacho nimekitumia leo kumtukana mtu aliyempigia magoti.

"Shivoni," nikasema.

Mbwa akainua kichwa, akaja, akaweka kidevu chake gotini pangu. Sisemi kwamba alijua kitu. Mbwa asiye na jina huitika sauti, na labda nilisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia kwa yale majina mengine. Nililia pale mpaka wachuuzi wa mboga waliokuwa wakishuka wakakaa pembeni ya njia kunisubiri nimalize.

Nikamwita hivyo tangu siku hiyo, kwa siri, ndani ya karakana, mlango umefungwa. Mbele ya watu alikuwa Finola. Nilijua ninalofanya. Fransisko akisikia kwamba jina la damu yake limepewa mbwa, angekuwa na haki ya kunijia na panga, na nisingekimbia. Lakini kila asubuhi niliita, na kulikuwa na mwenye kuitika, na miguu yenye kukimbia kuja kwangu juu ya maranda. Sikuwa na nguvu ya kuacha.

Siku moja, jua likiwa limeshapanda, nilikuwa nyuma ya nyumba napakua ugali. Mbwa hakuwepo. Nikafikiri niko peke yangu, nikaita kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikiita zamani chakula kikiwa tayari: "Shivoni! Shivoni, njoo ule!"

Mbwa akatokea mgombani mbio. Nyuma yake, kwenye njia, Kristina alikuwa amesimama na kikapu kichwani. Alikuwa akishuka sokoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

Mwiko uliniponyoka. Nikataka kusema Finola, nikataka kusema samahani. Alitua kikapu. Akaja mpaka uani, akamtazama yule mbwa kwa muda mrefu, uso wake hauna kitu. Nilidhani ataokota jiwe. Nilidhani, na akiliokota, sitamzuia.

Akaenda kwenye mtungi, akanawa mikono. Akakaa chini, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa wafiwa. Akavuta sahani yangu, akamega tonge, akalifinyanga dogo, kiasi cha kinywa cha mtoto.

"Shivoni," akaita. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka tangu kaburini.

Mbwa akamwendea, akala mkononi mwake. Akamega lingine. Akamlisha mpaka ugali ukaisha, akimwambia pole pole, "Kula, mwanangu. Najua. Najua ulingoja sana." Kisha akamkumbatia shingo, na kilio alichokiziba miezi yote ile kikamtoka, cha mama aliyefiwa leo asubuhi. Majirani walisikia, wakaja mpaka kwenye ua, wakaona, wakarudi bila kuuliza. Mimi nilikaa upande wa pili wa sahani, sikuthubutu kumgusa.

Alipokwisha kulia akajipangusa uso, akasimama, akajitwika kikapu.

"Ameingia ndani," aliniambia. "Twende nyumbani, mwanangu." Hilo la pili hakuniambia mimi.

Mbwa akamfuata. Kristina hakushuka tena sokoni siku ile. Aligeuka akapanda naye njia ya juu, ya kwenda kwa kaka yake, na mbwa hakuangalia nyuma hata mara moja. Nilifika mpaka ukingo wa uwanja wangu, mdomo wazi, nikitaka kuita. Ningeita nani? Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, nilizaliwa nikilijua hilo. Nikafunga mdomo.

Fransisko hakuja na panga. Hakuja kabisa. Lakini jioni, moshi wa majiko ukianza, humsikia Kristina kule juu akiita mwanangu aje ale. Anaita mara moja tu, maana anaitikiwa. Mimi husimama uani kusikiliza, kisha huingia ndani nikala, na siku hizi sibakizi kitu.