Glovu ya Mkwe Wangu

Kiharusi kilichagua upande wa kulia, utadhani kilielekezwa na mtu. Mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kulia ndio unaoshika mkasi, na bila mkasi mimi ni mzee tu aliyening'iniza futi ya kupimia shingoni. Kwa hiyo mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, aliposema maabara yao inatengeneza glovu ya kurudisha mikono ya watu kama mimi, sikumuuliza maswali. Nilimwambia anivike hata leo.

Maabara yenyewe ni chumba kimoja chenye meza zilizojaa nyaya. Mkwe, ambaye ni injinia, alishughulika na mota za kuvuta vidole. Mwenzake wa kompyuta alikodolea macho skrini. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mkavu wa maneno, alinitazama mimi. Watatu hao walibishana juu ya kichwa changu kama vile mimi ni kochi. Nilichoambulia ni hiki: nikijitahidi kukunja vidole, hata kidogo sana, vidude vilivyobandikwa mkononi vitaisikia ile nguvu, na glovu itamalizia. Taratibu, msuli utaamka.

Na glovu ilikunja kweli. Nilishika kikombe, nikashika chupa, wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Binti yangu akaanza kuwaambia wateja wangu wavute subira. Mtaalamu aliomba mara kadhaa nijaribu bila glovu, lakini mkwe akasema bado mapema, tusije tukamvunja mzee moyo. Nilimuunga mkono, maana nilikuwa nimeshanogewa.

Miezi ikakatika. Leo asubuhi yule mama hakuomba ruhusa ya mtu. Alisimama nyuma yangu, akalikandamiza bega langu kwa viganja vyote viwili, akaniambia nishike kikombe. Nikajikaza mpaka jasho likanitoka. Glovu kimya. Alipoliachia bega, likapanda lenyewe, na vidole vikajikunja vizuri kama siku zote.

Yule wa kompyuta akachangamka, akamwonyesha mkwe mistari kwenye skrini: vidude vilikuwa vinasikia mtikisiko wa bega, si msuli wa mkono. Wakaanza kuongea kwa kasi, eti hili ni jambo kubwa, linastahili ripoti yake peke yake. Niliwachukia wote wawili, na mkwe wangu zaidi.

Nikamgeukia mtaalamu. "Kwa hiyo muda wote huu nimelifanyisha mazoezi bega?"

"Ndiyo, baba."

"Na kama tungeanza bila hii glovu?"

Alivuta kiti, akaketi karibu nami. "Ulipokuja hapa vidole viwili vilikuwa vinacheza. Miezi ya mwanzo ndiyo mwili hujifunza upya kwa urahisi. Huenda tungepata kitu. Sasa sikudanganyi, baba. Mkasi sidhani."

Mkwe wangu aliyasikia hayo, akaacha kuongea katikati ya sentensi. Alinitazama, mimi nikatazama ukuta.

Muda huo huo binti yangu akaja kunichukua. Alipiga magoti akanifunga vifungo vya shati, kazi anayoifanya tangu niugue, huku akimtupia mumewe jicho la kujivuna.

"Haya, baba, niambie ukweli. Glovu ya bwana wangu imekusaidia?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tena kali. Nikaiangalia sura yake. Yule bwana ni chaguo lake mwenyewe, na ndiye atakayebaki naye mimi nikishaondoka.

"Imenisaidia, mwanangu," nikasema. "Bado kidogo tu."

Mkwe wangu akaangua kilio pale pale, mbele ya wenzake. Binti yangu akacheka, akainuka kumfuta machozi kwa kiganja, akaniambia nione mwenyewe jinsi mumewe anavyonipenda.