Tufe la Kwanza la Msimu

Kila Jumanne asubuhi Lorna Hannaford alimpeleka mumewe kwenye ukumbi wa kanisa, akamshusha mlangoni, kisha akarudi kukaa ndani ya gari. Huko alijimiminia chai ya chupa, akafungua gazeti, akajifanya anajaza fumbo la maneno. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Clive, ambaye miaka yote ile aliwakusanya ng'ombe wake wa maziwa kwa mbinja moja tu, sasa alikuwa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka unaozidi mwaka hadi mwaka, na kila akifika penye mlango miguu humgandia sakafuni. Lorna hakuwa na moyo wa kumtazama akifundishwa upya kusimama. Bronwyn, mwalimu wa mazoezi, alimkaribisha ndani mara nyingi. Lorna alitabasamu tu na kusema kiti cha gari kinaufaa mgongo wake.

Clive mwenyewe hakukosa, na alikuwa na sababu. Kwenye klabu ya tufe, ambako wazee wa mji ule huvaa nyeupe na kuviringisha matufe juu ya nyasi zilizonyolewa mpaka zikawa zulia, siku ya kufungua msimu mwanachama mmoja hupewa heshima ya kuviringisha tufe la kwanza. Heshima hiyo haiombwi. Unangoja uitwe, na wapo waliokufa wakingoja. Mwaka huu Merv, katibu wa klabu, alimchagua Clive. Clive alimpa mkewe habari hiyo akiwa ameinamia supu yake, kana kwamba ni jambo dogo, lakini masikio yalikuwa mekundu kwa fahari.

Tangu hapo Lorna hakuwa na raha. Ili kuliachia tufe mtu hupiga hatua moja mbele na kuinama, uzito wote ukabaki kwenye mguu mmoja. Akilini alishamwona Clive ameanguka kifudifudi mbele ya mji mzima, suruali nyeupe imechafuka, wanaume wakikimbilia kumnyanyua kama gunia. Siku chache kabla ya ufunguzi akapiga moyo konde, akampigia Merv simu. Alimwambia Clive hawezi, ila anaona aibu kusema. Merv alishukuru sana, akaahidi atalipanga vizuri, mzee asijisikie vibaya. Watu wema wawili wakakubaliana, na mwenye miguu yake hakuulizwa.

Jumamosi ile ya ufunguzi Clive alivaa nyeupe, na vifungo alivifunga mwenyewe, kazi iliyomlia asubuhi nzima. Merv aliposimama kwenye ukingo wa nyasi, Clive alikuwa keshainuka kitini, tufe lake mkononi. Likaitwa jina la mtu mwingine. Merv akaongeza maneno matamu kuhusu rafiki yetu Clive ambaye afya haimruhusu, na watu wakapiga makofi ya huruma. Clive alibaki pale pale, mbele hawezi, nyuma hawezi, mpaka Lorna alipomshika kiwiko na kumketisha.

Ndani ya gari Clive hakugomba. Aliuliza tu:

"Ulimpigia wewe?"

"Niliogopa utaanguka, mpenzi."

"Ningeanguka mimi, Lorna. Si wewe."

Jumanne iliyofuata alikataa kwenda mazoezini, na iliyofuata vilevile. Lorna akaenda peke yake kumchukulia viatu alivyoviacha huko, na hiyo ndiyo siku ya kwanza alipovuka mlango wa ukumbi ule. Sakafu ilikuwa imebandikwa tepu za rangi, wagonjwa wazivuke miguu inapoganda. Pembeni palikuwa na kipande cha zulia, saizi ya kile wanachosimamia wachezaji wa tufe, na kule ukutani kikapu cha taka kimelazwa ubavu kiwe shabaha ya tufe.

"Hapo ni pa Clive," Bronwyn alisema.

Akamweleza jinsi Clive alivyokuwa akibaki kila darasa linapoisha kuifanyia kazi hatua ile moja, na yeye Bronwyn akimsukuma bega makusudi ili ajifunze kujishika. Mwanzoni alikuwa akianguka juu ya godoro, wenzake wakimtania kwamba hata mti wa msituni huanguka kwa adabu kuliko yeye. Basi wakamfundisha na kuinuka: ageukie ubavu, apige magoti, ashike kiti.

"Hata kama siku ile angeanguka, mama, angeinuka mwenyewe. Alijiandaa kwa yote mawili. Hakukwambia?"

Lorna alisema hakumwuliza. Kupitia dirishani aliliona gari lake, na gazeti limeachwa kwenye kiti. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Laiti angeshuka siku moja tu, siku yoyote ile, akasimama mlangoni akajionea.

Nyumbani alimwomba mumewe msamaha. Alimsihi arudi darasani, akaapa kwamba mwakani atampigia Merv magoti, heshima iwe haiombwi au inaombwa. Clive alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwakani," alisema, akiutazama mkono wake unavyotetemeka juu ya meza. "Ilikuwa mwaka huu, bibie."

Akainuka kwenda sebuleni. Mlangoni miguu ikamgandia kama kawaida. Mkono wa Lorna ulinyooka wenyewe kukitafuta kiwiko chake, naye akaurudisha, akaubana kifuani. Clive aliyumba, akajishika, akatulia. Kisha akanyanyua mguu juu kama anayevuka tepu, akapiga hatua moja ndefu, safi, mpaka upande wa pili. Aliyeiona hatua hiyo ni Lorna peke yake, na hakuthubutu kupiga makofi.