Pole ya Modemu

Siku za matanga ya mume wake, Charlotte aliwapa majirani na wakwe wote neno la siri la wifi. Miezi minane hakuna aliyerudi kumtazama. Ila alipofungua ukurasa wa modemu ya kampuni ya intaneti, alikuta simu zao kumi na saba bado zinanyonya wifi yake.

Akanunua ruta yake mwenyewe ya kusambaza wifi, akaichomeka kwa waya kwenye modemu, akazima wifi ya modemu, akaweka neno jipya kwenye ruta.

Asubuhi yake walijaa uani, shemeji yake Gracien akiwa mbele.

"Pole sana, Mama Luc. Tulisikia wifi yako ilikufa."

Charlotte akamtazama usoni. Siku ya kumzika ndugu yake, Gracien hakuhuzunika hivi.